Kaye ya yule aliyeumia ku kazi

Kila mfanyakazi wa mugodi anaijua ile karatasi. Mtu akiumia ku kazi, sefu wa ekipe anaijaza: jina, namba ya kazi, saa, mahali, kiungo gani cha mwili kimeumia, mashahidi ni nani. Kisha inapanda ku biro, na kutoka biro inapaswa kufika ku CNSS, juu ajali ya kazi ni deni la mwajiri na la kasa ya taifa, si deni la bibi na watoto. Sisi wa sindika tumesaidia kujaza karatasi nyingi za namna hii. Ile tunayoizoea sana iko na mistari mitatu ya kueleza namna ajali ilivyotokea. Mgongo ukivunjika, mistari mitatu. Mkono ukiliwa na mkanda wa mashine, mistari mitatu.

Wenzetu kadhaa walioanza kuandika walianzia hapo. Nafasi haikutosha.

Mmoja wao alikuwa dereva wa kamyo kubwa ku kariyeri, upande wa Kolwezi. Kamyo ilipinduka posti ya usiku, mgongo ukaumia, miguu ikakataa. Tulipomfikia ku lopitali na karatasi yetu, alisema, tukaandika, mistari mitatu ikajaa, naye akaendelea kusema. Alisema juu ya mvua, juu ya taa ya kushoto iliyokuwa imekufa siku nyingi na kila mtu alijua, juu ya kijana aliyemwambia kwa redio «papa, pita polepole». Delege wetu akageuza karatasi na kuandika nyuma. Kesho yake yule dereva aliomba kaye na biki.

Watu wengine wanafikiri mwandishi ni mtu aliyesoma inivasite, anakaa ku meza safi, roho yake imetulia. Sisi tunawaona wengine. Yule dereva hawezi kukaa zaidi ya dakika ishirini, anaandika amelala kwa ubavu, kaye imewekwa juu ya kipande cha ubao. Mwingine, mashine ilimchukua vidole vinne vya mkono wa kuume. Anaandika na wa kushoto, herufi zake ni kubwa kama za mtoto wa mwaka wa kwanza, na mwanzoni aliona haya kuzionyesha. Wa tatu alifanya kazi miaka mingi karibu na mashine ya kuvunja mawe, masikio yakaisha. Kwa yeye kuandika haikuwa jambo jipya sana: watu wa kwake walikuwa tayari wanamwandikia, na yeye anajibu kwa karatasi. Siku moja akaona kwamba majibu yake yamekuwa marefu kuliko maulizo.

Tuseme sasa juu ya ule ugonjwa mwingine, ule usioonekana.

Mtu akiumia, mwezi wa kwanza nyumba inajaa. Wenzake wa posti wanakuja, watu wa kanisa wanakuja, hata sefu anatuma sabuni na sukari. Mwezi wa tatu wanakuja wawili. Mwezi wa sita hakuna mtu. Hapo bibi yake ameanza kuuza unga ku soko ili bukari ionekane ku meza, watoto wamefukuzwa ku masomo juu ya minerval, na bwana amelala, macho ku bati. Hapana kula. Hapana kunawa. Ukimsalimia anajibu, lakini jibu linatoka mbali. Ao anakuwa mkali, anatukana watoto kwa kijiko kilichoanguka. Hapa kwetu tunasema «mawazo imemuzidi». Waganga wanaita depresio. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema watu mamilioni mengi duniani wako nayo, na alama yake ni hii: huzuni ao kutopenda tena kitu chochote, karibu kila siku, juma mbili ao zaidi. Si uvivu, na si ukosefu wa imani.

Na mara nyingi si buloji. Tunajua tunaposema hivi kuna watakaofunga gazeti. Lakini tumeona familia ikiuza televizyo na vitanda ili kulipa mtu wa kutafuta aliyeloga, wakati lopitali ingeomba pesa kidogo kuliko ile. Hapa Lubumbashi kuko kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Bafrère de la Charité, kinachotunza magonjwa ya namna hii. Watu wanaogopa kuonekana ku mlango wake, wanasema ni pa wazimu. Mwenzetu wa vidole alikataa mara tatu. Mara ya nne tulienda naye watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama tunaenda kudai mshahara. Alirudi na dawa na tarehe ya kurudi.

Tunaeleza hayo kwanza kwa sababu hatutaki mtu asome makala hii na kutupa dawa zake, akafikiri kaye itamponyesha. Kaye si dawa. Kuna pia uongo mwingine, ule wa watu waliosoma vitabu vingi: kwamba mtu akiteseka sana njo anakuwa mwandishi mkubwa, eti huzuni inaleta maneno. Sisi tumeona kinyume. Huzuni ile inaiba maneno. Yule dereva, mwezi wake mbaya kuliko yote, hakuandika kitu. Dawa zilipoanza kufanya kazi yake, na alipopata usingizi wa usiku, njo mistari ilirudi, mmoja mmoja.

Basi mtu anaanza namna gani?

Anaanza kidogo. Wenzetu walikubaliana: mistari kumi kwa siku, na ikishindikana, mitano. Saa ya kuandika haiwezi kuwa moja kwa wote. Mwenye dawa zinazomletea usingizi asubui, aandike saa kumi mchana. Mwenye maumivu ya usiku, aandike wakati maumivu yanapopumzika, hata kama ni alfajiri na umeme umekatika, na kwetu umeme unakatika bila kuaga. Na siku ambayo hakuna neno hata moja, andika tarehe tu, kisha funga. Ushauri huu wa tarehe ulitoka kwa yule wa masikio, na mwanzoni tulicheka. Leo mtu akifungua kaye ya dereva anakuta siku kumi na moja zinazofuatana, tarehe tupu, chini yake kweupe. Hakuna ukurasa mwingine unaotuambia vizuri zaidi mwezi ule ulikuwa namna gani.

Asiyeweza kushika biki, aseme. Ku Ufaransa kulikuwa mtu mmoja, Jean-Dominique Bauby, mkubwa wa uandishi wa gazeti Elle. Tarehe 8 desemba 1995 kiharusi kilimwangusha. Alipoamka, mwili mzima ulikuwa umekufa isipokuwa kope ya jicho la kushoto. Mama mmoja, Claude Mendibil, alikuwa anamtajia herufi za alfabeti, zilizopangwa kuanzia zile zinazotumiwa sana ku Kifaransa, naye anapepesa jicho ku ile anayotaka. Herufi moja, kisha nyingine. Kitabu kizima kilitoka hivyo, Le Scaphandre et le Papillon, ku marsi 1997, na yeye mwenyewe akafa siku chache nyuma yake. Tulipoeleza habari hii ku mkutano, mwenzetu wa vidole alinyamaza, kisha akasema: «Miye niko na mukono muzima wa kushoto na kinywa, na niko nalia?» Tulimjibu kwamba kulia inaruhusiwa. Na kweli, Bauby alikuwa na mtu wa kazi hiyo kila siku, na lopitali pembeni ya bahari. Sisi tuko na binti wa mwaka wa sita sekondari ambaye anaandika sauti ya baba yake kutoka ku telefone, akimaliza kuosha vyombo. Lakini kazi ni ile ile. Baba anasema ku telefone, binti anasikiliza, anaandika, anamsomea tena. Wanagombana juu ya maneno. Bibi yake anatuambia kwamba ni mara ya kwanza toka ajali kusikia bwana akigombana kwa kitu kingine kuliko pesa.

Ulizo lingine linalokuja kila mara ni luga. Kifaransa ao Kiswahili? Na kama ni Kiswahili, ni kile cha vitabu vya Tanzania ao hiki chetu, cha «batoto banalala»? Wengi walioacha masomo mapema wanaogopa makosa. Wanaona kitabu ni kitu cha Kifaransa kama vile kontra ya kazi.

Kwa wao tunaeleza habari ya André Yav. Mwaka 1965, hapa hapa Lubumbashi, iliyokuwa ingali inaitwa Elisabethville, mtu huyu aliandika kwa jina la baboyi wa zamani, watu waliopika na kufua ku manyumba ya Bazungu, historia ya mji huu. Ilipigwa ku mashine, kurasa chache, kwa Kiswahili cha hapa, maneno yamekatwa mahali ambapo mwalimu angeweka wino mwekundu. Yeye aliita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kuko ndani kazi, mshahara, mapigo, majina ambayo wafanyakazi waliwapa wakubwa wao. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliitoa ku kitabu, na hadi leo watu wa inivasite za mbali wanaisoma. Lakini angalieni kitu hiki: ili kuielewa vizuri, Fabian alimwomba mtu wa hapa, Kalundi Mango, aisome kwa sauti, maana ku karatasi tu maneno yalikuwa yanafichama, na ku kinywa yakafunguka. Sisi tumechukua adabu hiyo. Kila anayeandika kwetu, maandishi yake yanasomwa kwa sauti, na mtu mwingine, si yeye. Mahali msomaji anajikwaa, pale njo panatengenezwa. Kwa yule wa masikio tunafanya namna nyingine: anaangalia uso wa msomaji, na anaweka alama kila mahali uso unakunjamana.

Tena mababa zetu hawakukosa kusoma. Kutoka mwaka 1957 Union Minière ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, na nyuma Gécamines ikaliendeleza. Lilikuwa gazeti la kampani, ni kweli, na kampani haiwezi kuandika ubaya wake mwenyewe. Lakini wengi wetu tulijifunza kusoma na gazeti lile ku meza ya baba, na vijana walikuwa na Mwana Shaba Junior. Leo ku makampani madogo yanayokodisha watu kwa miezi mitatu mitatu, mfanyakazi anasoma nini? Tangazo la kaske na viatu.

Ndani ya sindika yenyewe jambo hili lilileta maneno. Delege mmoja, mkubwa wetu wa miaka mingi, alisimama na kusema: «Bandugu, sindika ni ya mushahara na securité. Mambo ya mashairi, muende nayo ku masomo.» Tunamheshimu, na hakusema kwa ubaya, siku ile tulikuwa na watu arobaini waliofukuzwa bila hesabu ya mwisho. Mwingine akaongeza kwamba watu walio na ulemavu wanaimba, kama Staff Benda Bilili wa Kinshasa waliotoka ku baiskeli zao za mikono mpaka ku majukwaa ya Ulaya, lakini kuandika hakuleti franga. Hapo alisema kweli. Hatumdanganye mtu. Mpaka sasa hakuna hata mmoja wetu aliyepata pesa ya kitabu. Kitu kilichopatikana ni kidogo: yule wa masikio, majirani wanamletea barua za kuandika, za kodi ya nyumba, za kuomba nafasi ku masomo, na wanamwachia kitu.

Lakini kwa mshahara na securité kaye imesaidia kuliko tulivyofikiri. Dosie ya mtu aliyeumia inakufa mara nyingi kwa sababu baada ya mwaka hakumbuki tena saa, jina la shahidi, nani alimwambia arudi kesho. Kwa hiyo tunashauri kaye mbili. Moja ni ya dosie: tarehe, majina, nakala ya kila karatasi, nani alipokea, nani alikataa. Hiyo inakaa pahali pakavu na ndugu mmoja anajua ni wapi. Nyingine ni yako. Usizichanganye. Ile ya dosie inaweza kwenda mbele ya inspekta wa kazi ao hakimu, na hakimu hahitaji kujua uliota nini. Ile yako, hakuna mtu anayeruhusiwa kuifungua bila wewe, hata sisi. Mara moja watu wa biro ya mawasiliano ya kampani moja walikuja, wakaomba maandishi ya dereva waweke ndani ya kitabu chao cha picha, wakitoa kwanza ile habari ya taa. Alikataa. Alisema taa ikitoka, na yeye anatoka.

Kuna siku moja tunapaswa kuieleza, na mwenyewe ametupa ruhusa bila jina. Ku mkutano wetu wa jumamosi mtu alileta ukurasa mmoja, akaomba usomwe. Msomaji alifika katikati akasimama. Ku ukurasa mtu alikuwa anaaga. Hakuandika neno la kufa, lakini aliandika nani apewe redio, nani apewe viatu, na kwamba bibi yake atapumzika. Hatukuendelea na mambo ya maneno siku ile. Tulimuuliza wazi, kwa sauti ya kawaida: «Yaya, unawaza kujiua?» Alisema ndiyo. Watu wengine wanaogopa kuuliza ulizo hili, wanafikiri litampa mtu wazo. Wazo analo tayari. Ulizo linampa pahali pa kuliweka chini. Hatukumwacha peke yake usiku ule, dawa zote na kamba zikatoka ndani ya nyumba, na asubui tulikuwa naye ku munganga. Leo yuko, na ametuambia kwamba hakutuma ukurasa ule ili tuseme ni mzuri. Tangu hapo iko sheria moja kwetu: anayesoma kaye ya mwenzake anaangalia kwanza mtu, nyuma maneno.

Tuko pia na vitu vya kudai, maana sisi ni sindika. Katiba ya 2006, makala ya 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 3 mai 2022 ilitoka sheria ya organiki namba 22/003 juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Tumeisoma pamoja ku mkutano, makala kwa makala, polepole. Ni sheria nzuri. Lakini dereva wetu alipotaka kwenda ku nyumba moja ya vitabu mjini kati, alikuta ngazi kumi na nne. Watu wanne walimbeba, walimbeba vizuri, na hakurudi tena. Alituambia: «Siye mufuko wa simenti.» Ku lopitali za makampani, ukivunjika mguu kuko munganga wa mguu; hatujaona bado mahali mtu aliyeumia anaulizwa, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, kama analala, kama anakula, kama anataka kuishi. Tunaomba ulizo hili liingie ndani ya konvansyo ya pamoja itakayojadiliwa, kama vile kaske na viatu vilivyoingia. Haliombi mashine. Linaomba mtu mmoja aliyefundishwa, kiti, na mlango unaofungika.

Kwa sasa tunakutana kila jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane, chini ya muembe nyuma ya nyumba ya delege mmoja, maana pale hakuna ngazi. Pesa ya teksi ya asiyeweza kutembea inatoka ndani ya mchango wa sindika. Mkubwa wetu yule wa mshahara na securité njo aliyepiga kura ya kwanza. Ukitaka kuja, njoo na kaye, hata kama iko tupu. Ukiwa na mtu ndani ya nyumba anayeangalia bati mchana kutwa, usimletee kaye kwanza. Mpeleke kwa munganga, na biki itafuata.

Maandishi ya watu watatu yamekwisha kupigwa ku komputa, ku sekretaria moja ya pembeni ya soko. Mama wa pale anahesabu bei kwa ukurasa. Alipofika ku siku kumi na moja za tarehe tupu aliuliza kama azihesabu ao aziache. Dereva alisema azihesabu, kila moja ukurasa wake, na tunaendelea kuchanga.